Kamati ya ushauri, watafiti wenza au utafiti wa wenye usonji wenyewe: uchague upi?

Faili liliingia saa mbili usiku. Kurasa 62, herufi za kubana macho, na ujumbe mfupi juu yake: "Tunaomba maoni yako kesho kwenye kikao cha saa tatu asubuhi." Nilikuwa mjumbe wa kamati ya ushauri ya mradi wa utafiti wa usonji. Mimi mwenyewe nina usonji, na ujumbe huo niliupokea kwa moyo mweupe. Nilisoma hadi saa nane usiku. Asubuhi ukumbini taa ya mrija ilikuwa ikivuma juu ya kichwa changu kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, watu 8 wanadakiana maneno, na kila nilipokuwa tayari kusema jambo, mazungumzo yalikuwa yameshahamia kwingine. Mwishoni mwenyekiti akanigeukia: "Na wewe una la kuongeza?" Nikasema kwamba ukurasa wa 17 una swali linalomuuliza mzazi mtoto wake "anaugua" usonji kwa kiwango gani. Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Nilikuja kujua baadaye kwamba hojaji ilikuwa imeshachapwa wiki 2 kabla.

Simlaumu sana yule mwenyekiti. Kwa hesabu zake alikuwa ameshirikisha wenye usonji: jina langu lilikuwemo kwenye andiko la mradi, picha ya kikao ilipigwa, posho nilipewa. Kilichokosewa ni mpango wenyewe. Tangu hapo nimekaa kwenye meza za aina tatu tofauti: kamati ya ushauri, timu ya watafiti wenza (wenye usonji na wasio nao wakitafiti pamoja), na utafiti unaoongozwa na wenye usonji wenyewe. Kila baada ya muda naletewa swali lilelile, mara na mwanafunzi anayeanza utafiti, mara na shirika, mara na mwenzangu mwenye usonji aliyealikwa mahali na hajui akubali au akatae: mpango upi ni bora? Jibu langu huanza na "inategemea", ila haliishii hapo.

Kipimo ninachotumia

Mwaka 1969 Sherry Arnstein, akiandika kuhusu wananchi na mipango ya miji nchini Marekani, alichora ngazi ya ushiriki yenye vipago 8. Chini kabisa watu wanahadaiwa, juu kabisa wanashika hatamu wenyewe. Kuombwa maoni kumo kwenye kipago cha 4, ubia kwenye cha 6. Ngazi hiyo inafaa sana darasani. Mezani mimi huuliza swali moja tu: mwenye usonji akisema "hapana", nini kinasimama?

Kwenye kamati ya ushauri, kwa kawaida hakisimami kitu. "Hapana" inaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao na safari inaendelea. Kwenye utafiti wa watafiti wenza, kazi inasimama hadi mwafaka upatikane. Kwenye utafiti unaoongozwa na wenye usonji wenyewe swali linageuka na kuuma upande wa pili: ni nani hayumo humo ndani, ambaye angewaambia "hapana" wao?

Kamati ya ushauri

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na urahisi si dhambi. Kama una miezi 6, mfuko mwembamba na maswali madogo yanayojulikana (fomu ya ridhaa inaeleweka? chumba cha mahojiano kinavumilika? picha hizi zinadhalilisha?), watu 6 au 7 wenye usonji wakikutana nawe mara tatu watakuepusha na aibu nyingi. Kwao pia mzigo ni mwepesi. Mtu anakuja, anasema, anaondoka, hana ripoti ya kuandika usiku. Tena ni rahisi kuchanganya watu: wanaozungumza na wasiozungumza, waliosoma sana na wasiosoma, waliotambuliwa utotoni na waliojijua wakiwa na miaka 40.

Ubaya wake ni wakati. Kamati huitwa swali la utafiti likiwa limeshatungwa, fedha zimeshagawanywa, na mwenye mradi ameshamwahidi mfadhili matokeo. Unabaki kuchagua rangi ya mlango wa nyumba ambayo ramani yake hukuiona.

Kilichotokea Uingereza mwaka 2021 kinafundisha. Mradi wa Spectrum 10K, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, ulizinduliwa mwezi Agosti ukilenga kukusanya vinasaba vya watu 10,000 wenye usonji. Wenye usonji wengi walihoji mambo ya msingi: vinasaba hivyo vitatunzwa na nani, vitatumiwa na nani kesho na keshokutwa, na je, haviwezi kuishia kwenye juhudi za kuhakikisha watu kama sisi hatuzaliwi? Septemba, wiki chache tu baada ya uzinduzi, mradi ulisitishwa ili mashauriano yafanyike. Mashauriano baada ya uzinduzi! Pesa, majina makubwa na maabara vyote vilikuwepo. Kilichokosekana ni watu wenye uwezo wa kusema "ngojeni" mapema, wakati kusema hivyo bado hakugharimu chochote.

Basi ukialikwa kwenye kamati, usijibu siku hiyohiyo. Uliza kama nyaraka zitakufikia angalau wiki 2 kabla, kama unaweza kujibu kwa maandishi badala ya kusema, kama kuna malipo yanayolingana na ya wataalamu wengine waliopo mezani, na kama mtapewa taarifa inayoonyesha kila maoni yalifanyiwa nini, likiwemo jibu la "tuliyakataa kwa sababu hii". Wakisitasita kwenye hilo la mwisho, umeshapata jibu lako.

Watafiti wenza

Hapa mwenye usonji anakuwa mtafiti, jina lake liko kwenye mradi, na anaanza kazi siku swali linapobuniwa. Mfano ninaourudia mara kwa mara ni AASPIRE, ushirika ulioanzishwa Marekani mwaka 2006 na Christina Nicolaidis, daktari na mtafiti, pamoja na Dora Raymaker, mtafiti mwenye usonji. Kilichonivutia kwao ni mambo madogo ya utendaji, maana maneno mazuri ya usawa kila mtu anayo. Barua pepe zao za kazi zina muundo mmoja usiobadilika: jambo gani linaamuliwa, mwisho wa kujibu ni lini, unatakiwa kufanya nini hasa. Vikao vingine hufanyika kwa kuandikiana, ili asiyeweza kudaka zamu ya kusema naye awemo. Na maamuzi hupitia vidole vya mkono mmoja: kidole 1 maana yake nimelipenda wazo hili, 3 maana yake silipendi sana lakini naweza kuishi nalo, 5 maana yake nazuia. Vidole vitano vikinyanyuka, mjadala haujaisha, hata kama aliyevinyanyua hana shahada hata moja.

Niliwahi kufanya kazi kwenye mradi mdogo ulioiga utaratibu huo. Siku moja tulikuwa tunapitia swali la hojaji: "Katika wiki 2 zilizopita, umekuwa ukijisikia mchovu mara nyingi?" Mwenzetu mmoja alikaa na swali hilo dakika 20. Mara nyingi ni mara ngapi? Uchovu wa mwili, au ule wa kuwa na watu? Kama leo nimelala kutwa kwa sababu juzi nilikuwa kwenye harusi, hiyo naihesabu vipi? Mtafiti aliyekaa kando yangu alianza kutabasamu, kisha tabasamu likamwisha, akavuta kalamu. Swali tuliligawa mara mbili, na "mara nyingi" ikawa "siku 8 au zaidi kati ya hizo 14". Tulipoijaribu hojaji, hata wasio na usonji walilijibu bila kuuliza maswali. Hiyo kazi ya dakika 20 isingefanyika kwenye kikao cha ushauri, kwa sababu kwenye kikao cha ushauri anayekaa na swali moja dakika 20 anaonekana anachelewesha watu.

Na hapo pana jambo ambalo watafiti wengi hulisoma kinyume. Mkutano wa mchanganyiko ukienda mrama, husemwa kwamba mwenye usonji "ana shida ya mawasiliano". Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliandika kwamba shida hiyo ina pande mbili: asiye na usonji naye hamsomi vizuri mwenye usonji, ila yeye hakuna anayempima. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walilipima wazo hilo kwa kitu kinachofanana na mchezo wa kupitishiana habari sikioni. Mlolongo wa watu 8, hadithi inatoka kwa mmoja hadi mwingine, kisha wanahesabu kilichobaki. Milolongo ya wenye usonji watupu ilihifadhi hadithi sawasawa na ile ya wasio na usonji watupu. Iliyochanganya ndiyo iliyopoteza zaidi. Kwa hiyo meza ya mchanganyiko inahitaji ajenda iliyoandikwa, muda wa kujibu na mtu wa kuuliza "hapo ulimaanisha nini?" kwa sababu ya watu wote waliopo. Si hisani kwa mmoja wao.

Gharama zake zisifichwe. Utaratibu huu ni wa polepole. Kazi ambayo timu ya kawaida ingeimaliza kwa mwaka mmoja unaweza kuivusha mwaka wa pili, na wafadhili wengi hawana kisanduku cha kuandikia hilo. Kamati za maadili nazo huwa zinamwona mwenye usonji kama mtu wa kulindwa tu. Sisi tuliandikiwa barua ikiuliza nani atatoa ridhaa kwa niaba ya mtafiti mwenza wetu, mwanamume wa miaka 34 anayelipa kodi ya nyumba yake mwenyewe. Na mtafiti mwenza huchoka. Kutwa nzima anasoma mahojiano ya watu waliopitia yaleyale yaliyompata yeye, jioni hana pa kuyaweka. Kama bajeti haina fungu la mapumziko na la mtu wa kuzungumza naye, usimwite mtafiti mwenza. Mwache awe mshauri, alale vizuri.

Wenye usonji wenyewe

Faida kubwa hapa ni maswali. Ripoti ya mwaka 2013 kuhusu fedha za utafiti wa usonji nchini Uingereza ilionyesha kwamba asilimia 56 zilikwenda kwenye baiolojia, ubongo na jinsi akili inavyofanya kazi. Wenye usonji na familia zao walipoulizwa, walitaka zaidi utafiti wa maisha ya kila siku: huduma, stadi za maisha, kazi, namna ya kuishi utu uzima. Mwaka 2016 zoezi jingine la kupanga vipaumbele nchini humohumo liliweka afya ya akili kuwa namba moja. Aliye ndani ya jambo huuliza kingine.

Chukua uchovu mkubwa wa wenye usonji, ule unaokaa miezi 3 na zaidi, unaomnyang'anya mtu stadi alizokuwa nazo na kuzifanya sauti na mwanga visivumilike. Kwa miaka mingi wenye usonji walikuwa wakiusimuliana wenyewe kwa wenyewe huku vitabu vya kitaaluma vikiwa kimya. Mwaka 2020 Raymaker na wenzake walichapisha utafiti ulioupa maelezo hayo, wakitumia mahojiano na watu wazima 19 wenye usonji pamoja na maandishi 19 yaliyokuwa wazi kwa umma. Kazi hiyo ilitoka ndani ya AASPIRE, kwa hiyo mpaka kati ya mpango wa pili na huu wa tatu si ukuta. Mtafiti mwenza wa leo anaweza kuwa kiongozi wa mradi kesho.

Pingamizi la kwanza utakalolisikia ni "mtajitafitije wenyewe bila upendeleo?" Mimi sinalo jibu refu. Sijawahi kusikia daktari mwenye kisukari akizuiwa kutafiti kisukari. Asiye na usonji naye ana upendeleo wake, ila umezoeleka hadi unaitwa mtazamo wa kawaida.

Pingamizi la pili ni zito, na hili nalikubali bila kubishana. Wenye usonji wanaofika kuongoza utafiti ni wale waliofika chuo kikuu. Wengi wanazungumza, wengi wanaandika vizuri, na wengi wanaweza kukaa kwenye mkutano wakavumilia hata kama watalipia baadaye kitandani. Utafiti wa usonji kwa jumla tayari umepinda upande huo. Ginny Russell na wenzake walipitia tafiti 301 na mwaka 2019 wakachapisha kwamba asilimia 94 ya washiriki wenye usonji ndani yake hawakuwa na ulemavu wa akili. Sasa tukichukua kundi lililokwisha kupinda, tukachagua viongozi ndani yake, yule asiyetumia maneno na anayehitaji msaada wa kuvaa nguo anaweza kubaki nje kabisa, safari hii akiwa amefungiwa mlango na watu wanaosema wanamwakilisha. Nimeona hivyo kwa macho. Tulikuwa wote 5 wenye usonji, tumejipongeza, na hakuna aliyekuwa amefikiria hojaji ya picha.

Hapo ndipo mzazi anapoingia. Kuna wanaharakati wanaotaka wazazi wakae pembeni kabisa, na kuna wazazi wanaodhani usonji ni mali yao. Kwa uamuzi wangu, mzazi si mbadala wa mtoto wake, lakini ni shahidi. Anajua kwamba mlio fulani maana yake njaa na mlio mwingine maana yake kiatu kinabana. Mpe kiti kwa ushahidi huo. Kura ya kusema maisha ya mwenye usonji yana thamani gani isiwe yake peke yake.

Utamaduni: kutafsiri au kujenga upya?

Mpango wowote utakaouchagua, kuna uchaguzi wa pili unaokungoja, na miradi mingi huukumbuka dakika za mwisho, mfasiri akiwa ameshapigiwa simu. Kipimo kilichotungwa mahali pengine ukitafsiri, ukirekebishe, au mkae mjenge chenu?

Kutafsiri ni rahisi na kunakuwezesha kulinganisha matokeo na ya nchi nyingine. Utaratibu wake unajulikana: mmoja anatafsiri, mwingine ambaye hajaona asili anarudisha kwenye lugha ya kwanza, mnalinganisha. Tatizo ni kwamba sentensi inaweza kurudi salama huku maana ikiwa imefia njiani. "Je, mtoto hukutazama machoni?" ni sentensi isiyo na kosa la tafsiri. Lakini pale ambapo mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa, mzazi atajibu "hapana" kwa fahari, na mtoto wake ataongezewa alama ya usonji kwa kulelewa vyema. Kinyume chake, mtoto mwenye usonji asiyemtazama mtu atasifiwa kwa upole na hatatambuliwa. ADOS, kipimo kinachotumika sana duniani, kina zoezi la kuigiza sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mwanasesere. Mtoto ambaye kwao siku ya kuzaliwa haiadhimishwi anapimwa kitu gani hapo? Kuzoea sherehe, au usonji?

Kurekebisha ni kubadilisha tukio na kubakiza lengo: badala ya sherehe hiyo, igizo la jambo ambalo kila mtoto wa pale amelishuhudia. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wengi, kwa sharti moja. Wanaorekebisha wawe na mwenye usonji aliyekulia hapohapo. Mtaalamu wa utamaduni asiye na usonji atakwambia watoto wa pale huwaje. Mwanaharakati mwenye usonji kutoka nchi nyingine atakwambia usonji huwaje kwao. Anayeweza kukwambia usonji unavyofichwa, unavyoadhibiwa na unavyochukuliwa katika lugha yenu ni yule aliyeufichia hapo.

Utafiti uliofanyika pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 uliwauliza wazazi na wataalamu usonji unatokana na nini. Walitaja mapepo, uchawi na laana. Walitaja pia maambukizi, matatizo wakati wa kujifungua na urithi, na katika kutafuta msaada walipita kwa waganga na viongozi wa dini. Hojaji yenye visanduku vya hospitali peke yake ingepoteza nusu ya maelezo hayo, na mtafiti angerudi kuandika kwamba wazazi "hawana uelewa". Uelewa wanao, ila yeye hakuweka pa kuuandika. Korea Kusini nako, timu iliyochapisha matokeo yake mwaka 2011 ilikwenda kwenye shule za kawaida badala ya kusubiri kliniki, ikakuta asilimia 2.64 ya watoto wana usonji. Takriban theluthi 2 yao walikuwa wakisoma shule za kawaida bila kutambuliwa wala kuhudumiwa. Usipokwenda walipo watu, unapima milango ya hospitali.

Kujenga upya ni kazi ya miaka, na huanza na maneno. Kwa Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa New Zealand, Keri Opai alipendekeza mwaka 2017 neno takiwātanga, linalobeba maana ya mtu kuwa katika nafasi na wakati wake mwenyewe. Neno halikutafsiri chochote, limeanza kwao. Sisi kwenye Kiswahili tuna usonji na tawahudi, na tuna tatizo ambalo si la Waingereza. Wao wanagombana kama jina la hali litangulie mtu ("autistic person") au mtu atangulie ("person with autism"). Uchunguzi wa mwaka 2016 nchini Uingereza uliohusisha watu 3,470 ulionyesha wazi kwamba wenye usonji na wataalamu hawapendelei majina yaleyale. Ugomvi huo ukiletwa kwenye Kiswahili unakosa pa kushika, kwa sababu "mwenye usonji" linakaa katikati kwa amani, kama mwenye nyumba na mwenye busara. Vita vyetu viko kwenye vitenzi: anaugua, anasumbuliwa, ameathirika. Hapo ndipo kalamu nyekundu inapotakiwa, na mradi unaoagiza mwongozo wa lugha kutoka nje utapita juu ya vitenzi hivyo bila kuviona.

Nina onyo pande zote mbili. "Utamaduni wetu" hutumiwa mara nyingi na wakubwa kumnyamazisha mwenye usonji aliyeanza kusema, kana kwamba yeye hana utamaduni. Na kuna wanaharakati wa nchi tajiri wanaosafirisha misamiati yao kama nguo za mitumba, wakishangaa haikutoshei.

Kwa hiyo uchague upi?

Mwanafunzi mwenye mwaka mmoja na swali ambalo msimamizi wake ameshalipitisha: chukua kamati ya ushauri, iite kwa jina hilo, na usiandike kwenye chapisho kwamba utafiti wako ni shirikishi. Kutumia jina kubwa kwa kitu kidogo ndiko kunakotukera kuliko udogo wenyewe.

Shirika linalotunga huduma, mafunzo au kipimo kitakachotumiwa kwa maelfu ya watu: watafiti wenza, bila mjadala. Kosa lililoko kwenye kipimo hujirudia kila kinapotumika. Mfadhili akihoji gharama, mkumbushe kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka nchi katika ibara ya 4 kushauriana kwa karibu na watu wenye ulemavu na kuwashirikisha kikamilifu katika maamuzi yanayowahusu. Hoja hiyo hufungua mifuko kuliko hoja ya utu. Inasikitisha, lakini ndivyo.

Swali likiwa ni la ndani kabisa, kama vile kuficha usonji mbele za watu, uchovu, ndoa, kujitingisha ili kutulia au maumivu ya kuguswa, waachieni wenye usonji waongoze, na kazi ya watafiti wengine iwe kutoa ujuzi wa takwimu wakiombwa. Waongozaji nao waweke, kabla ya kitu chochote, njia ya kumfikia asiyezungumza.

Na wewe mwenzangu uliyealikwa: wakikuita mtafiti mwenza lakini swali limeshaandikwa, hiyo ni kamati ya ushauri iliyovaa koti. Unaweza kukubali, ila kwa malipo ya ushauri na kwa saa za ushauri.

Kwenye ule mradi wetu mdogo wa vidole vitano, tulikuwa tumekubaliana kuweka kamera kwenye nyumba za familia 12 kurekodi saa ya kula. Kila mtu alikuwa kwenye kidole 1 au 2. Mwenzetu mmoja hazungumzi. Huandika kwenye tableti, kidole kimoja, herufi moja moja, na tulishajifunza kutomalizia maneno yake. Tulisubiri. Kioo kikasoma: 5. Kisha, baada ya dakika kama 4: "wakati wa kula ndio napigwa". Kazi ilisimama siku 11. Kamera zikaondolewa, tukarudi kuanza upya ukurasa wa 3.